Somo: Namna ya kujitolea kumfundisha mtoto wa shule ya msingi aliyeachwa nyuma katika kusoma

Kwa kuwa swali hili huulizwa karibu kila wiki, nami nimekuwa nikilijibu vipande vipande, nimeona niandike somo zima mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Ninafundisha kwa kujitolea Jumanne na Alhamisi jioni katika shule moja ya msingi mjini Morogoro, nikiwa na watoto sita wa darasa la tatu hadi la tano ambao bado hawajamudu kusoma. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele ya mambo yote, na elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, jambo jema kabisa. Lakini mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Pengo hilo ndilo tunalojaribu kuliziba.

Hatua ya kwanza. Nenda kwa mwalimu mkuu, ujieleze, na usianze kabla hujapata ridhaa yake na ya mzazi kwa maandishi.

Hatua ya pili. Fundisha shuleni, mahali panapoonekana, mlango ukiwa wazi. Usikae na mtoto peke yenu wala usimpeleke nyumbani kwako.

Hatua ya tatu. Mpime kila mtoto peke yake kabla ya kumfundisha lolote. Fuata ngazi ambazo Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, umezitumia nchini tangu 2010: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Anapokwama ndipo mtakapoanzia, hata kama yuko darasa la tano na kitabu cha darasa lake kiko mezani.

Hatua ya nne. Hakikisha kwamba mtoto anasoma, si kwamba amekariri. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilimpotezea mtoto wiki sita. Nilikuwa na binti wa darasa la nne ambaye kila siku tulisoma naye hadithi ya ukurasa mmoja, mimi nikitangulia naye akifuatisha, hata akawa anaimaliza bila kukwama, nami kwa furaha nikamwita mama yake aje asikilize. Mama alikaa kwenye dawati, mtoto akaanza kusoma kwa sauti nzuri, na mama ndiye aliyeona kwamba kidole cha mwanawe kilikuwa mstari wa tatu ilhali mdomo wake ulikwisha kufika mstari wa tano. Nilifunika ukurasa kwa karatasi nikaacha neno moja tu, “kikapu”. Binti alinitazama usoni kwa muda, akitafuta jibu huko, kisha akasema “mama”. Alikuwa ameihifadhi hadithi nzima kwa ghibu, na silabi “pu” hakuijua.

Hakuwa akidanganya. Alikuwa amezoea darasa ambamo kusoma ni kuitikia pamoja na wenzake, naye aliitikia vizuri kuliko wengi. Kwa hiyo zingatia haya: usimtangulie kusoma, funika picha, kwa sababu picha humpa jibu, keti ubavuni mwake badala ya kumkabili, ili asisome uso wako, na mwulize maneno bila kufuata mpangilio wa ukurasa. Kisha tunga maneno yasiyo na maana kutokana na silabi mlizofundishana, kwa mfano kutoka “kikapu” na “kalamu” pata “lapuki” na “mukapu”. Anayejua kusoma ataliunganisha hata neno ambalo hajawahi kulisikia, na aliyekariri atanyamaza. Akinyamaza usimwaibishe mbele ya wenzake. Rudi kwenye silabi.

Hatua ya tano. Dakika kumi za silabi, kumi za kusoma, kumi za imla, na si zaidi. Silabi nyepesi kama ba, ka na ma zikae kwanza ndipo ziingie mba, nda, nya, ng'a na gha. Usifundishe b na d siku moja.

Hatua ya sita. Andika maendeleo katika daftari, na mwalimu wa darasa alione kila mwisho wa mwezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Dodoma: Nina mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma. Nianzie wapi?

Jibu: Hatua ya tatu. Tafadhali soma somo lote kabla ya kuuliza.

Mwanachama wa Mwanza: Watoto wangu wawili, ambao nyumbani huzungumza Kisukuma, husoma “kalamu” kama “karamu”. Nimekuwa nikiwakatiza kila mara. Je, nakosea?

Jibu: Ahsante sana kwa swali hili, ndugu yangu. Kutamka ni jambo moja na kusoma ni jambo lingine, na ukimkatiza kila neno atapoteza maana ya sentensi nzima. Andika maneno yote mawili kwenye kadi, zilaze mezani, umwambie, “Nipe kadi ya kitu tunachoandikia.” Akikupa iliyo sahihi, macho yake yamesoma na ulimi utafuata taratibu. Akichanganya, fundisha la na ra kwa siku mbalimbali, ukianza na maneno anayoyatumia nyumbani.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Wazazi wako tayari kuchanga elfu mbili kwa wiki. Mbona hukuzungumzia malipo?

Jibu: Kwa sababu somo ni la kujitolea. Ukitoza, atakayekosa ni yule asiye na elfu mbili, naye ndiye tuliyemfuata.

Mwanachama wa Arusha: Hatua ya pili inatushuku sote. Nimefundisha watoto sebuleni kwangu miaka mitatu bila tatizo.

Jibu: Simshuku mtu, lakini hatua hiyo sitaibadilisha. Inamlinda mtoto, na wewe pia inakulinda. Kila mtoto unayemfundisha ajue vilevile namba 116 ya Simu kwa Mtoto, ambayo kuipiga ni bure.

Mwalimu mstaafu, Tanga: Ongeza hili, mwanangu. Okota vizibo vya soda, vinyooshe kingo kwa nyundo zisikate vidole, kisha gundisha ndani silabi zilizoandikwa kwenye karatasi. Mtoto huzipanga na kuzipangua mwenyewe. Tena, kabla ya kusema mtoto ni mzito, mwangalie anavyokunja uso akitazama ubao. Katika kazi yangu nimewakuta wengi ambao shida yao ilikuwa macho.

Jibu: Shikamoo mwalimu, na ahsante. Vizibo nitavianza Jumanne. Kuhusu macho, huwa namwandikia mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya, na nilipaswa kulitaja katika hatua ya tatu.

Mwanachama wa Iringa: Je, hesabu nayo hupimwa kwa ngazi? Wangu hukwama kwenye 42 kutoa 17, hujibu 35.

Jibu: Naam, na jibu hilo linaeleza mengi: ametoa 2 kutoka 7 kwa kuwa ndogo hutolewa kutoka kubwa. Mpe vijiti vya fagio, mafungu manne ya kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili pembeni. Mwambie akupe saba. Vikimwishia, mwache mwenyewe afungue fungu moja, na usimwonyeshe.