Kumtafuta Nge angani mwezi wa Julai

Kwa wakazi wa Mbeya na Iringa, Julai ndiyo nafasi bora ya kumtazama Nge, kwa kuwa kipupwe mara nyingi huacha anga bila mawingu, na kati ya saa tatu na saa nne usiku kundinyota hilo huwa karibu na utosi, kusini kidogo. Anzeni na Antares, nyota nyekundu ya moyoni mwake, kisha fuateni mkia uliopinda hadi karibu na mwiba, ambako darubini ndogo itaonyesha fungu zuri mno la nyota, ambalo mwanafalaki Ptolemy aliliandika katika karne ya 2. Wagiriki walisimulia kwamba Nge alimuua mwindaji Orion, nao wakawekwa pande zinazokabiliana za anga, mmoja akichomoza mwingine akizama; kwa hiyo jioni hizo msimtafute Orion.