Somo: Kushuka Grand Canyon na kurudi juu mzima

Sisi tuliozoea milima ya kwetu tunafika kwenye korongo hili kubwa la Arizona, Marekani, na hesabu ya kinyume. Kilimanjaro unateseka kwanza, ukishindwa unateremka. Hapa miguu inashuka kwa raha, na mateso yanakungoja kwenye kupanda, maji yamepungua na jua liko utosini. Kwa hiyo jambo kubwa ni kujua saa ya kugeuza.

1. Chagua njia. Anzia ukingo wa kusini, ulio wazi mwaka mzima. Bright Angel ina vivuli na vibanda vya kupumzikia kilomita 2.4 na 4.8 kutoka juu, na kiangazi huwa na maji. Uliza kwa askari wa hifadhi kabla ya kushuka, maana bomba hupasuka. South Kaibab inapita mgongoni mwa mwamba: mandhari yake hayana mfano, ila maji hakuna hata tone. Mgeni, nenda Bright Angel.

2. Toka alfajiri. Kiangazi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni usiwe njiani huko ndani. Ukingoni, mita 2,100 hivi, utavaa sweta. Chini kabisa joto linapita nyuzi 40.

3. Maji na chumvi. Maji matupu lita kwa lita, bila kula, yanapunguza chumvi mwilini hadi unaanza kuchanganyikiwa. Beba karanga za chumvi, na zile kweli.

4. Gawa muda kwa tatu. Fungu moja la kushuka, mawili ya kupanda. Una saa sita? Saa mbili zikitimia, geuza, hata kama mbele kunapendeza. Mimi niliongeza “kona moja tu”, nikarudi juu usiku nikitambaa.

5. Ukipumzika, tazama ukuta. Chokaa ya juu, Kaibab, ilikuwa sakafu ya bahari miaka milioni 270 iliyopita. Chini yake kuna mwamba mweupe wa Coconino: ile mistari ya mshazari ni matuta ya jangwa yaliyogeuka jiwe. Redwall, tabaka la chini zaidi ambalo jina lake ni “ukuta mwekundu”, nayo inadanganya. Ni ya kijivu, wekundu umechuruzika kutoka tabaka za juu zenye chuma.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tuna mazoezi, tunaweza kufika Mto Colorado huko chini na kurudi siku hiyohiyo?*
Marahaba. Msijaribu, hifadhi yenyewe inawaonya watu wasifanye hivyo. Ombeni kibali cha kulala chini kwenye hema, au kitanda cha Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo chini karibu na mto, na muombe miezi mingi mapema.

*Kaka, nina mtoto wa miaka sita.*
Tembeeni njia ya ukingoni, sehemu kubwa ni tambarare na ina lami. Mshike mkono, sehemu nyingi hazina uzio. Na asiwalishe kindi, wanauma.

*Nimesikia kuna nyumbu njiani?*
Wapo, ila si wale wa Serengeti! Hawa ni watoto wa punda na farasi, wanabeba watu na mizigo. Wakija, simama upande wa ukutani, kamwe si wa korongo, tulia, msikilize anayewaongoza. Usitembee hadi wa mwisho apite.

*Viatu vipya vinafaa?*
Vivae wiki mbili nyumbani kwanza. Kata na kucha za miguu, kwenye kushuka ndizo zinazolia.