Unalijua, Mbona Hulifanyi? Namna ya Kupima na Kutumia Ujuzi

Anayekwama huwa na tatizo moja kati ya mawili: hajui, au anajua na hafanyi. Ukiyachanganya utatibu ugonjwa usiokuwepo. Asiyejua hasaidiki kwa kuhimizwa, na anayejua bila kufanya, ukimwongezea kozi nyingine, umempa pa kujifichia.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Funga kitabu, weka simu mbali, kisha uandike jambo hilo kwenye karatasi tupu, hatua kwa hatua, kama unayemwelekeza mgeni. Dakika 10 zinatosha. Ukikwama kwenye kiasi, muda au mpangilio, bado hujui, umesikia tu.

Chukua maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha. Nani hayajui? Sasa uliza vipimo. Ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visiwe na kichuguu. Mwenye kuvigeuza, chumvi 6 na sukari nusu, humdhuru mgonjwa, hasa mtoto. Ujuzi nusu wa namna hii ni hatari kuliko kutojua kabisa, maana asiyejua huuliza.

Kama pengo ni la kutojua, usiende kusoma "mambo ya afya" au "mambo ya fedha" kwa jumla. Andika swali moja ambalo jibu lake litabadilisha utakachofanya wiki hii. Ukilipata jibu, lifunike ulitaje bila kuchungulia: kesho, siku ya 3, siku ya 7. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, ndani ya saa chache. Kusoma tena ukurasa uleule hudanganya: macho yameuzoea, nawe unadhani umeushika.

Kujua bila kufanya ni kugumu zaidi, na si uvivu tu. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, aligawa mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wawili wawili, kila wawili na tiba yao. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Lakini katika kitabu chake kinene cha 1753 jambo hilo lilipata aya chache tu, na jeshi la majini halikuagiza maji ya malimau kwa mabaharia wake hadi 1795.

Kwa hiyo lipe jambo lako saa na mahali. "Nitaanza kuandika matumizi" haishiki. "Nikishapiga mswaki usiku, naandika matumizi ya leo kwenye daftari lililo kando ya kitanda" inashika. Mara ya kwanza iwe ndani ya saa 24, isizidi dakika 5. Jambo moja tu. Wanaoanza matatu kwa pamoja huyaacha yote. Ukiruka mara 3 katika wiki 2, badilisha saa au punguza kazi, usirudi kusoma.

Mambo ya dharura hayana saa, hivyo yafanyie mazoezi. Yachanganye yale maji leo, hakuna anayeumwa, kwa kijiko na chupa utakavyotumia kweli. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Ukiyatengeneza kwa ajili ya mgonjwa, yakifikisha saa 24, mwaga utengeneze mengine.