Kabla ya kulipia seti ya kujipambia yenye mgongo wa kauri

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa amekwisha kufa tangu 1901. Kwa hiyo muuzaji akisema kioo chake cha mkono ni cha enzi ya Victoria kwa kuwa kilitoka katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji, nyumba hiyo haithibitishi kitu. Huenda kilifika sandukuni kikiwa tayari kizee, huenda ni cha miaka ya 1950. Umri usomwe kwenye kitu chenyewe.

Seti ndogo ni kioo cha mkono, burashi ya nywele na kitana. Kubwa huongeza burashi ya nguo, sinia, kikopo cha poda, na kikopo kingine chenye tundu katikati ya kifuniko. Hicho cha tundu kilikuwa cha kuwekea nywele zilizonasa kwenye burashi. Wanawake walizikusanya wakazijaza ndani ya misuko yao ili ivimbe. Wengi hukiuza kama bakuli la sukari lenye kasoro, basi kiulizie.

Anza na picha ya mgongoni. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, kama ya sonara, usimame juani. Iliyochorwa kwa mkono ina michirizi ya burashi, rangi nene hapa na nyepesi pale. Picha iliyobandikwa kisha ikachomwa tanurini ina nukta, lakini usiikatae kwa hilo, maana viwanda vya karne ya 19 navyo vilibandika. Angalia nukta zilivyokaa. Zilizotawanyika bila mpangilio zinaweza kuwa za zamani. Zilizojipanga mistari kama punje kwenye gunzi la mahindi ni uchapaji wa karibuni. Ukikuta saini ya Fragonard, usiongeze hata franka moja: mchoraji huyo Mfaransa alikufa mwaka 1806, na saini ni sehemu ya picha iliyonakiliwa.

Kisha gonga kauri polepole kwa ukucha. Ikichezacheza, plasta au gundi iliyo nyuma yake imevunjika. Inatengenezeka, lakini bei ishuke. Ielekeze pia ubavu kwenye mwanga: ufa mwembamba huonekana kama unywele, na mahali palipopakwa rangi upya hung'aa tofauti na kauri ya pembeni.

Ukingo wa chuma ndio unaosema zaidi. Herufi EPNS maana yake ni aloi ya nikeli iliyopakwa fedha juu. Fedha halisi ya Uingereza hubeba simba anayetembea. Ya Ufaransa, tangu 1838, kichwa cha Minerva. Neno "England" peke yake kwa kawaida ni la baada ya 1891, na "Made in England" huwa la karne ya 20. Pale panaposuguliwa sana na vidole, mpako uliolika hufunua wekundu au umanjano wa shaba, rangi ambayo mtu wa Katanga, nchi ya migodi ya shaba, hahitaji kufundishwa. Kutu ya kijani pembeni ni shaba hiyohiyo. Iondoe kwa kijiti cha mti. Kisu huinua mdomo wa chuma, na kauri inadondoka.

Kwenye burashi, chomoa unywele mmoja uuchome mbali na seti. Wa nguruwe hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu; nailoni huyeyuka ikawa kishanga kigumu, na nailoni haikuuzwa kabla ya 1938. Usisogeze moto karibu na kitana cha selulodi, ile plastiki ya zamani, kwa sababu huwaka kwa ghafla. Selulodi inayonata au kunuka kafuri imeanza kuoza, na mvuke wake unakula chuma. Kitana hicho kiweke mbali na vingine.

Usafishaji ndipo seti nyingi hufia. Usiloweke kamwe. Maji hupenya chini ya kauri, plasta inalainika, mti wa burashi unavimba. Vumbi letu jekundu lina mchanga, hivyo lipangushe kwanza kwa burashi laini kavu. Ukilisugua kwa kitambaa linakwangua dhahabu ya ukingoni. Baada ya hapo tumia pamba yenye unyevu kidogo na tone la sabuni ya maji, ukaushe papo hapo. Dawa ya meno na jiki zikae mbali. Madoa meusi ndani ya kioo yaachwe: kioo kikipakwa upya, seti inapoteza sehemu ya thamani yake.

Wakati wa mvua, funga kila kipande kwa kitambaa cha pamba kilichooshwa, bila raba wala sufu, kwa sababu salfa yake huifanya fedha iwe nyeusi.

Jambo la mwisho ni pembe. Mpini wenye mistari inayopishana kama wavu ni pembe ya ndovu. Mistari iliyonyooka sambamba ni selulodi. Ya ndovu iache palepale. Biashara yake imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na pale mpakani Kasumbalesa hakuna atakayekusikiliza ukisema ni ya bibi wa zamani.