Ukipata safari ya Japani usiishie Tokyo: namna ya kuzunguka Takayama na vijiji vyake, kwa wadau wa Mwanza

Watu wengi wa huku kwetu wakibahatika kwenda Japani, iwe kufuata magari, kozi fupi au kumtembelea mtoto anayesoma, wanarudi na picha za maghorofa ya Tokyo basi, imeisha hiyo. Mi nasema hivi, kama una siku nne tano za kwako mwenyewe nenda upande wa Hida, mkoa wa Gifu, kuna mji wa zamani unaitwa Takayama na vijiji vya nyumba za nyasi huko milimani, na ukifika ULALE huko. Usiende ukageuza siku hiyohiyo. Mabasi ya watalii yanashusha watu saa nne asubuhi na yanawazoa jioni, kwahiyo aliyelala anapata kile kitu chenyewe na aliyekuja na basi anapata foleni.

Visa unaomba ubalozini Dar na wanataka ratiba ya siku kwa siku, unalala wapi na unaenda wapi, kwahiyo kaa uipange vizuri kabisa kabla hujapanda ndege, itakusaidia hata ukifika.

Njia iko hivi. Tokyo mpaka Nagoya unapanda shinkansen, ile treni yao ya mwendo kasi, kama saa moja na dakika arobaini. Nagoya ndo mji mkuu wa mkoa wa Aichi, na makao makuu ya Toyota yako kwenye mkoa huohuo, sa wenye IST zenu mnaweza kwenda kutoa heshima. Pale Nagoya unabadilisha unapanda treni inaitwa Hida, kama masaa mawili na nusu hivi mpaka Takayama. Usishtuke ukikuta viti vyote vinaangalia nyuma, treni ikifika stesheni ya Gifu inageuza mwelekeo na baada ya hapo unaenda mbele kama kawaida, halafu ndo mto na mabonde yanaanza, kaa dirishani. Ile pasi ya treni ya nchi nzima ya siku 7 ilipanda tangu Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 mpaka 50,000, na kwa safari hii hairudishi hela yako kabisa. Kama unataka kutokea upande wa pili, ulizia pasi ya Takayama-Hokuriku ya siku 5, inabeba treni ya Nagoya kwenda Takayama na basi la vijijini mpaka mji wa Kanazawa.

Kuhusu kupiga simu nyumbani, hii naipenda sana: Japani wako mbele yetu masaa 6 kamili, kwahiyo saa ya mshale ya huko ukiisoma Kiswahili ndo saa ya Mwanza. Mshale uko kwenye 3 mchana pale Takayama, basi Mwanza ni saa tatu asubuhi, mama ameshaamka, piga.

Takayama yenyewe ni ya miguu tu. Amka mapema uende soko la asubuhi kando ya mto Miyagawa, kuanzia Aprili mpaka Novemba linafunguliwa saa moja asubuhi, na wanaouza wengi ni kina mama wa shamba na mboga zao, matufaa, achari ya zambarau ya mizizi flani kama figili. Ukizoea kuvutana bei pale Mwaloni Kirumba hapa jizuie, bei iliyoandikwa ndo hiyohiyo. Ukitoka hapo ingia mitaa ya Sanmachi kabla maduka hayajafunguliwa, nyumba za mbao nyeusi pande zote mbili na mfereji wa maji unapita pembeni. Utaona duka limening'iniza mpira mkubwa wa majani ya mwerezi juu ya mlango, hapo wanatengeneza pombe ya mchele, mpira ukiwa kijani ujue pombe ni ya msimu mpya, ukishakuwa wa kahawia imekaa. Halafu ingia Takayama Jinya, ofisi ya serikali ya zamani. Shogun wa ukoo wa Tokugawa, mtawala wa kijeshi wa Japani enzi hizo, aliichukua Hida chini yake moja kwa moja mwaka 1692, sababu kubwa mbao za milima hii, na pale utaona ghala la mchele wa kodi na chumba walichokuwa wanahojia watu, na vifaa vyake vya mateso vipo. Makumbusho mengine sio lazima.

Sa vijijini. Kijiji cha Shirakawa-go ni dakika kama 50 kwa basi toka Takayama, stendi iko ubavuni mwa stesheni ya treni. Mabasi mengine ni lazima ukate siti mapema, usiende kubahatisha. Nyumba zake ndo zile paa refu limesimama kama mikono ya mtu anayeomba, theluji isikae juu, ziliingizwa urithi wa dunia mwaka 1995 pamoja na vijiji vya jirani vya Gokayama. Lipa kiingilio uingie nyumba ya familia ya Wada, upande mpaka darini. Huko ndo utaelewa: magogo yamefungwa kwa kamba na vijiti vilivyosokotwa, hamna msumari kwenye paa, na kila kitu kimekuwa cheusi kwa moshi wa moto wa chini, moshi huohuo ndo unafukuza wadudu na kulinda nyasi. Darini walikuwa wanafugia viwavi wa hariri. Paa likichoka kijiji kizima kinakuja kuezeka, na wewe kesho unaenda kwa mwenzio.

Ila watu wanaishi mle. Usiingie uani kwa mtu kupiga picha, na sigara usiwashe barabarani, zile ni nyasi tupu. Ukiona watu wamezidi, ongeza safari kidogo mpaka kijiji cha Ainokura kule Gokayama, kimya kabisa, mi ndo naipenda zaidi.

Vitu vidogo: tembea na yen mkononi, vijijini kadi zinagoma, hela unatoa kwenye mashine za 7-Eleven. Nyumba za wageni za kienyeji bei ni kwa kichwa sio kwa chumba, na chakula cha jioni ni mapema, ukichelewa wanakusubiri wewe, utaona aibu. Kula samaki wa mtoni anaitwa ayu, anachomwa mzimazima kwenye kijiti na chumvi, mla sato utakula na kichwa. Waislamu waulize kwanza, mchuzi mwingi wanatia pombe. Na baridi, jamani: Takayama iko mita kama 570 tu, Mwanza tuko juu zaidi, lakini Januari theluji ni ya magoti, kwahiyo jaketi zito litafute Mlango Mmoja kabla hujaondoka, huko dukani utalia.