Kukokotoa kiwango cha homu rani za mrushaji wa akiba, kwa mfano wa Mariano Rivera

Mrushaji wa akiba katika besiboli huingizwa mchezo ukiwa umebana, mara nyingi kwa iningi (kipindi cha mchezo) moja tu ya mwisho. Mpira mmoja ukipigwa ukavuka ukuta, yaani homu rani, ushindi umeponyoka na muda wa kuurudisha haupo. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokiangalia kwa mrushaji wa aina hii ni kiwango cha homu rani alizoruhusu tangu aanze kucheza. Tumchukue Mariano Rivera wa Panama, aliyeichezea New York Yankees kuanzia 1995 hadi 2013 na kulinda ushindi mara 652, rekodi ya ligi kuu ya Marekani.

Hatua ya 1: Chukua jumla mbili. Katika jedwali la takwimu zake za urushaji, safu ya HR ni homu rani alizoruhusu na IP ni iningi alizorusha. Rivera ana 71 na 1283.2. Hizo ni za misimu ya kawaida. Mechi za mtoano zina jedwali lake.

Hatua ya 2: Rekebisha iningi. Hapa ndipo wengi hupotea. Ile .2 si desimali. Mrushaji hukamilisha iningi kwa auti 3 (wapinzani watatu kutolewa), kwa hiyo .1 ni theluthi moja na .2 ni theluthi mbili. 1283.2 ni 1283.67. Kwa Rivera tofauti haionekani, ila kwa kijana aliyerusha iningi 5.2 na kuruhusu homu rani 1, ukikosea utapata 1.73 badala ya 1.59. Kwenye Excel, iningi zikiwa seli A2, andika:

=INT(A2)+(A2-INT(A2))*10/3

Hatua ya 3: Zidisha kwa 9, kisha gawanya. Tunatumia 9 kwa sababu mechi kamili ina iningi 9. 71 × 9 = 639; 639 ÷ 1283.67 = 0.498. Yaani homu rani moja kwa kila iningi 18 hivi.

Hatua ya 4: Usichukue wastani wa viwango vya kila mwaka. Mwaka 1995 Rivera aliruhusu 11 katika iningi 67, kiwango cha 1.48. Mwaka 1996 aliruhusu 1 tu katika iningi 107.2, kiwango cha 0.08. Ukivijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 0.78, na hilo si kweli. Jumlisha homu rani, jumlisha iningi, ndipo ugawanye: 12 × 9 ÷ 174.67 = 0.62. Mwaka wenye iningi nyingi lazima uwe na uzito zaidi.

Hatua ya 5: Angalia alikuwa akifanya kazi gani. Mwaka huo wa 1995 Rivera alianza mechi 10 kati ya 19 alizocheza. Anayeanza mechi hukutana na wapigaji walewale mara mbili au tatu, nao humzoea. Ukiuondoa mwaka huo wote, zinabaki homu rani 60 katika iningi 1216.67: kiwango ni 0.44. Mimi huandika namba zote mbili, ya jumla kwanza, kisha hii, na kueleza nimeondoa nini.

Hatua ya 6: Linganisha kwa uangalifu. Trevor Hoffman, aliyelinda ushindi mara 601, aliruhusu homu rani 100 katika iningi 1089.1, sawa na 0.83. Naye yumo katika Jumba la Mashuhuri la besiboli, kwa hiyo kiwango hiki peke yake hakimpimi mtu. Uwanja nao una sauti yake: Coors Field ya Denver iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi mpira huenda mbali. Tena mrushaji wa akiba akirusha iningi 60 kwa msimu, homu rani moja tu hupandisha kiwango chake kwa 0.15. Msimu mmoja usikutie hofu wala usikulevye.

Sasa jaribu mwenyewe kwa jedwali la mtoano la Rivera. Utakuta iningi 141 na homu rani 2: ya Sandy Alomar Jr. mwaka 1997 na ya Jay Payton mwaka 2000. Ukipata 0.13, umepatia.