Tangazo lako halikai vizuri na hujui kwa nini? Acha rangi kwanza, angalia nafasi

Kuna jamaa kanitumia tangazo lake la semina akaomba nimchagulie "rangi za kitaalamu". Nimefungua nikakuta rangi hazina shida yoyote, shida ni kwamba kila neno linapiga kelele na hakuna kitu kilichokaa karibu na mwenzake. Tukalipitia pamoja kwa simu, rangi tukazigusa mwishoni kabisa. Nimeona niandike nilivyompitisha maana maswali aliyouliza huwa nayapata sana. Mfano wangu ni tangazo la ukurasa mmoja, ila slaidi, CV au kava ya kitabu ni mambo yale yale.

Kuhusu programu, tumia unayoijua, mimi nipo Figma na Inkscape. Ila mambo mawili sibadiliki. La kwanza, usipange maandishi kwenye programu ya kuhariri picha, utahangaika kurekebisha kila herufi. La pili, achana na templeti mpaka ujue unachofanya, kwa sababu templeti ilipangwa kwa maneno ya mtu mwingine, kichwa chake kina maneno mawili cha kwako kina tisa, ukishabandika vyako mpangilio wote unakufa alafu unajiona huna kipaji.

Hatua ya 1: Panga nani anasoma nini kwanza

Andika maneno yote pembeni, hata kwenye notipedi. Kila mstari upe namba 1, 2 au 3. Namba 1 ni kile ambacho mtu anayepita haraka lazima aondoke nacho, na kiwe kimoja. Kimoja tu, siyo "jina la semina na tarehe na mgeni rasmi". Ukishindwa kuchagua basi bado hujajua tangazo ni la nini, rudi kwa mwenye shughuli umuulize.

Hatua ya 2: Ukubwa, kwa nyeusi na nyeupe

Fonti moja, yenye uzito tofauti tofauti kuanzia nyembamba mpaka nene. Kama hujui uchague ipi chukua Inter au Source Sans, ni za bure, usipoteze jioni nzima kwenye tovuti za fonti. Zile zenye mikia na maua ziache kabisa kwenye maelezo.

Kwenye A4 jaribu pointi 12 kwa mistari ya namba 3, 24 kwa namba 2, 60 kwa namba 1. Watu wengi wanaweka 14, 16, 18 wakidhani wametofautisha, kumbe tofauti ndogo inaonekana kama umekosea. Ruka kwa nguvu.

Hatua ya 3: Nafasi (hapa ndo masaa yanapotea)

Kanuni yenyewe fupi, vinavyohusiana vikae karibu na visivyohusiana viachane. Max Wertheimer, mmoja wa wanasaikolojia wa Gestalt (waliochunguza jinsi jicho linavyounganisha vitu kuwa kundi), aliionyesha mwaka 1923 kwa vinukta tu: ukivisogeza viwili viwili jicho linaona jozi, hakuna haja ya mstari wala boksi wala rangi. Ndo maana nikiona tangazo lina maboksi saba najua moja kwa moja mdizaini alikosa nafasi akaamua kujenga kuta.

Kwa vitendo iko hivi: nafasi ndani ya kundi iwe ndogo kuliko nafasi kati ya kundi na kundi, na hiyo nayo iwe ndogo kuliko marjini ya ukurasa, yaani ile nafasi tupu ya ukingoni. Tarehe, saa na ukumbi ni kundi moja. Namba ya simu na jinsi ya kujiandikisha ni kundi lingine. Mimi natumia pointi 8, 16, 32 na 64 basi, sina namba nyingine kichwani. Ndani ya kundi 8 au 16, kati ya makundi 32, pembeni mwa ukurasa 64. Hazina uchawi, faida yake ni kwamba unaacha kubahatisha, na macho ya mtu yanazoea mpigo uleule ukurasa mzima.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kichwa kidogo kuelea katikati, yaani umbali wake na aya ya juu ni sawa na umbali wake na aya yake mwenyewe. Msomaji hajui ni cha nani. Kisogeze kwa mwenyewe. Na tafadhali usitengeneze nafasi kwa kubonyeza Enter mara mbili, programu nyingi zina sehemu ya kuweka nafasi kati ya aya na aya, itafute.

Sasa twende kwenye ile inayotesa. Umeweka 32 juu ya kichwa, 32 chini yake, programu inakuonyesha 32 na 32, lakini jicho linakwambia haziko sawa. Jicho ndo liko sahihi. Programu inapima boksi la maandishi, haipimi herufi, na ndani ya boksi kuna hewa usiyoiona: kuna kimo cha mstari, kuna nafasi iliyotengwa chini kwa ajili ya mikia ya g na y hata kama kichwa chako hakina g wala y, na baadhi ya programu zinaongeza na marjini yao ya ndani. Kwenye pointi 12 hutaona kitu. Kwenye 60 ile hewa inakuwa kubwa mpaka inaharibu hesabu zako zote.

Pembeni ni hivo hivo. Kichwa na aya vimeanzia kushoto kwenye namba moja, lakini kichwa kinaonekana kimeingia ndani kidogo, kwa sababu kila herufi inakuja na kihewa chake cha ubavuni, na herufi ikikua nacho kinakua. Ninachofanya:

- Naweka marjini za ndani za boksi kuwa sifuri, kama programu inaruhusu.
- Nachora mstatili mwekundu wenye kimo cha 32, nautumia kama rula kati ya herufi na herufi, siyo kati ya boksi na boksi. Nikimaliza naufuta.
- Kichwa kikubwa nakivuta kushoto kidogo kidogo kwa mishale ya kibodi mpaka mguu wa herufi ya kwanza ulingane na aya ya chini. Ikianza na O au C, yaani ya duara, naitoa nje kidogo zaidi, maana duara likigusa mstari kwa ncha tu linaonekana halijafika.
- Kama unataka vipimo vya uhakika, chukua kopi ya kichwa uigeuze kuwa umbo, hapo mipaka yake inakuwa ya herufi zenyewe. Kopi nimesema! Ukigeuza chenyewe huwezi tena kurekebisha maneno, na mteja lazima atabadilisha maneno.

Kwa sababu hiyo hiyo ya mteja, haya ya kuvuta vuta yafanye maneno yakishapitishwa, vinginevyo utayafanya upya kila mara. Na usiyafanye kwenye maandishi madogo, ni kujichosha bure.

Ukiwa na pembetatu ya kuchezea video ndani ya duara, mchezo ni uleule. Ukibonyeza "weka katikati" itaonekana imeegemea kushoto, kwa sababu uzito wake uko upande wa kitako. Isogeze kulia kwa moja ya sita ya upana wake, itatulia.

Kuhusu kuweka kila kitu katikati ya ukurasa: mimi siipendi. Mstari mmoja au miwili sawa, ila aya nzima ikiwa katikati kila mstari unaanzia sehemu yake na jicho linatafuta upya. Panga kushoto. Mtu akikwambia inaonekana tupu upande wa kulia, mwambie ndo inavyotakiwa, ule utupu ndo unafanya kichwa kionekane.

Na aya ikiwa ndefu usiitandaze ukurasa mzima, herufi 45 mpaka 75 kwa mstari zinatosha.

Hatua ya 4: Rangi, haya sasa

Kama kwa nyeusi na nyeupe halieleweki, rangi haitaliokoa. Ongeza rangi moja, iende kwenye namba 1 au kwenye kitu unachotaka mtu akifanye, siyo kila mahali.

Kontrasti, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, usiipime kwa jicho, kuna vikokotoo vya bure mtandaoni. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa, kuanzia pointi 18, au 14 yakiwa manene. Ulitungwa kwa ajili ya tovuti ila mimi naufuata hata kwenye karatasi. Njano juu ya nyeupe haifiki popote, usijaribu. Maandishi yakiwa juu ya picha, weka katikati yao tabaka jeusi linaloacha picha ionekane kidogo. Na usiseme "nafasi zilizojaa ni nyekundu, zilizobaki ni kijani" bila kuandika neno, kuna watu hawatofautishi hizo mbili.

Hatua ya 5: Angalia

Fumba macho nusu. Kinachobaki kinaonekana ndo namba 1 yako halisi, kama siyo uliyoichagua rudi hatua ya 2. Alafu lipunguze liwe dogo kama ukucha kwenye skrini, uone kama makundi bado yanahesabika.

Kama linaenda kuprintiwa, toa PDF, ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande ikiwa rangi inafika ukingoni, na muulize mwenye mashine kabla hujatuma maana wengine wanataka zaidi. Chapa moja kwanza, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa usome.